Kubadilisha shokapu za nyuma za gari la zamani nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwa wenye magari ya zamani huku Nyanda za Juu Kusini: Corolla, Carina, Mark II, Hilux na Hiace zilizokwisha kula barabara miaka mingi kabla hazijatufikia. Mwanzoni kuna mambo ya msingi, mwishoni kuna yale ya nadra. Kama unachotaka kujua kwanza ni iwapo kazi hii unaiweza, ruka uende sehemu ya pili.

## Sehemu ya kwanza: Kuitambua shokapu iliyokufa

Shokapu inafanya kazi gani, wakati springi ndizo zinazobeba gari?

Springi inabeba uzito na kubonyea tairi linapopanda tuta au kuingia shimoni. Ikishabonyea inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, kisha inabonyea tena. Ikiachwa peke yake gari litanesa mpaka lichoke lenyewe. Shokapu ndiyo inayokatisha mchezo huo. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye matundu madogo yenye vali, na nguvu ya kunesa inageuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu nzima ukiigusa baada ya mwendo wa barabara mbovu unaikuta ina moto.

Kwa hiyo usitegemee shokapu mpya ziliinue gari lililolala nyuma. Gari lililolala lina springi zilizochoka, na hilo lina dawa yake. Tazama swali la mizigo katika sehemu ya mwisho.

Nitajuaje kwamba za nyuma zimekufa?

Anza kwa macho. Chuchumaa nyuma ya tairi na tochi uangalie mwili wa shokapu. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili, ile raba inayozuia oili isitoke, ni wa kawaida. Kinachotia shaka ni mwili uliolowa kutoka juu hadi chini. Kiangazi, kwenye vumbi, oili hiyo inageuka uji mweusi mgumu unaoweza kuukwangua kwa bisibisi. Masika matope yanaiosha, na shokapu inayovuja inaonekana safi kuliko nzima. Ifute kwa kitambaa, endesha kwa siku chache, kisha uitazame tena.

Halafu bonyeza. Kandamiza kona ya nyuma ya gari kwa uzito wako wote, uiachie ghafla. Ikipanda, ikashuka kidogo na kutulia, kuna uhai. Ikiendelea kunesa, imekwisha. Kipimo hiki kinawanasa waliokufa tu: shokapu iliyochoka nusu inaweza kukifaulu vizuri kabisa, na bushi (zile raba za kwenye viungio) zilizokakamaa kwa kutu zinaweza kulifanya gari lionekane gumu hali shokapu haina kitu.

Pitisha kiganja juu ya tairi za nyuma. Ukisikia mabonde na vilima vinavyofuatana kuzunguka tairi, hilo tairi limekuwa likirukaruka barabarani. Na barabarani kwenyewe: ukipita kwenye rasta, yale matuta madogo yanayofuatana, mkia wa gari unatambaa pembeni, ukishuka tuta, nyuma inadunda zaidi ya mara moja, abiria wa kiti cha nyuma anaanza kulalamika kichefuchefu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha joto. Baada ya nusu saa ya barabara ya vumbi, simama na uguse kwa uangalifu mwili wa kila shokapu, mbali na ekzosi. Ile iliyo baridi kuliko mwenzake haifanyi kazi.

Kuna kitu kinagonga nyuma nikipita kwenye mashimo. Ni shokapu?

Huenda siyo. Toa kwanza kila kitu ndani ya buti, ikiwemo jeki na tairi la akiba, ujaribu tena. Magari mengi yameponea hapo. Kelele ikibaki, angalia bushi za shokapu juu na chini, linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona), bushi za mikono ya ekseli na raba zinazoshikilia ekzosi. Bushi iliyolika utaiona kwa kuweka bomba au nondo fupi kati ya shokapu na mahali ilipofungwa, ukiitikisa: ikicheza bila kazi, umempata mgonjwa. Shokapu yenyewe inagonga pale tu inapokuwa imefika hatua mbaya sana, pistoni ikatembea ndani bila upinzani.

Naweza kuendelea nazo hivyo hivyo mpaka nipate hela?

Jibu linategemea unapita wapi. Anayezunguka mjini Mbeya kati ya Soweto na Kabwe kwa mwendo wa polepole ana muda kidogo. Anayeshuka mlima Kitonga, au anayetoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi Kyela, hana. Kwenye safari hiyo ya Kyela unateremka kutoka takriban mita 1,700 hadi karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ni kona na breki.

Ukifunga breki mteremkoni uzito mwingi unakimbilia mbele na nyuma inanyanyuka. Shokapu ikiwa imekufa, tairi za nyuma zinadundadunda badala ya kukanyaga lami, na tairi lililo hewani halina breki. Ongeza mvua, ukungu wa Rungwe na lori la mizigo linalokuja kwenye kona. Mimi nasema wazi: kama fedha ni ya kitu kimoja kati ya redio mpya na shokapu, usifikiri mara mbili.

Kama ni lazima usafiri kabla ya kubadilisha, punguza mzigo, punguza mwendo, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na uachane na safari za usiku.

Zimekufa baada ya kilomita ngapi?

Watengenezaji wengi wanashauri zikaguliwe kwa makini ifikapo kilomita 80,000. Hiyo ni hesabu ya lami. Gari linaloishi kwenye barabara za vumbi za vijijini halifiki huko.

Lazima nibadilishe zote mbili?

Ndiyo. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini, gari linavuta na kuyumba kwenye kona na linapofunga breki ghafla. Hata ile ya pili ikionekana nzima, imekula kilomita zile zile. Za mbele si lazima zibadilishwe siku hiyo hiyo, ila zikague.

## Sehemu ya pili: Je, kazi hii ni ya nyumbani?

Nitajuaje gari langu lina shokapu za aina gani?

Hili ndilo swali linaloamua kila kitu, kwa hiyo lala chini uangalie kabla ya kununua chochote. Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni gari lenye springi bapa, zile za vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama Hilux na Hiace za mizigo. Shokapu imesimama peke yake kati ya ekseli na fremu, bolti moja juu, moja chini. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na mara nyingi huhitaji hata kunyanyua gari: unaingia chini tairi zikiwa zimekanyaga, ilimradi umezizuia zisitembee.

Ya pili ni springi ya mviringo iliyokaa mahali pake na shokapu mahali pake, kama Prado ya J95. Nayo ni ya nyumbani, ila ekseli lazima iegemezwe. Tazama swali la hatua za kazi.

Ya tatu ni springi iliyoizunguka shokapu yenyewe, vyote kitu kimoja. Corolla za AE100 na AE110 za saluni ziko hivi, Carina za miaka ya 1990 pia, na Mark II GX100 ina springi na shokapu zilizofungwa pamoja nyuma. Hapa kazi inagawanyika: nusu ni yako, nusu ni ya gereji.

Kwa nini nusu nyingine iwe ya gereji?

Kwa sababu springi ile imebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya au kuua. Nati ya katikati, juu kabisa ya shokapu, ndiyo inayoizuia. Ukiifungua springi ikiwa haijabanwa na kifaa chake, kila kitu kinaruka kwa mara moja. Waya, kamba, mnyororo na kijana wa kukalia juu si vifaa vya kubania springi, hata kama umemwona mtu akivitumia na akatoka salama.

Njia nzuri ni hii: nyumbani unafungua nati ndogo za juu zinazoshika mauntingi (kikalio cha juu cha shokapu) kwenye bodi, ambazo zipo ndani ya buti au nyuma ya kiti cha nyuma, kisha unafungua bolti kubwa za chini. Nati ya katikati usiiguse. Unatoa shokapu na springi yake zikiwa zimefungamana, gari linabaki kwenye stendi, wewe unapanda bajaji na mzigo wako hadi gereji yenye kibanio cha springi. Pale wanahamisha springi na mauntingi kwenye shokapu mpya mbele ya macho yako. Unarudi, unafunga. Umelipia kazi ya dakika chache badala ya kazi ya siku.

Sijawahi kushika spana. Nianze na hii?

Kama umewahi kubadilisha tairi na breki pedi bila kusimamiwa, unaweza. Kama hujawahi, mwite mtu anayejua aje akae na wewe mara ya kwanza. Vijana wa gereji wengi watakubali kuja nyumbani Jumapili kwa malipo ya kawaida, na utajifunza zaidi kwa kumshikia spana kuliko kwa kusoma.

## Sehemu ya tatu: Kununua

Nimwambie nini muuza spea?

Usimwambie "za Corolla". Mpe namba ya chesisi, ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti, inayoanza na herufi kama AE100 au GX100. Mwambie pia ni saluni au stesheni, linavuta kwa tairi mbili au nne. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na shokapu mbili tofauti kabisa nyuma.

Ukiwa dukani Mwanjelwa au Iringa mjini, zilinganishe na za zamani kabla ya kutoa hela: urefu zikiwa zimefunguka, urefu zikiwa zimebonyezwa, upana wa tundu la bushi, na vishikizo vya mpira wa breki. Kwa aina ya tatu, kulia na kushoto mara nyingi havifanani. Ukiagiza Kariakoo ziletwe na basi, omba picha ya namba iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye shokapu yenyewe kabla haijapakiwa.

Mpya au used kutoka Japani?

Mpya, kama mfuko unaruhusu. Shokapu ni kitu kinacholika ndani, na huwezi kuuona ulikaji huo kaunta. Used huenda ilitolewa kwenye gari lililogongwa likiwa zuri, au kwenye gari lililotupwa kwa sababu ya uchakavu. Muuzaji mwenyewe hajui.

Ukilazimika kununua used, isimamishe wima, ibonyeze hadi mwisho na uivute hadi mwisho mara kadhaa. Upinzani uwe mmoja njia nzima, bila sehemu inayoachia ghafla. Pitisha ukucha kwenye rodi, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka: ukikwama kwenye mkwaruzo au kishimo cha kutu, iache, kwa sababu rodi hiyo itakata sili. Bushi zenye nyufa zinabadilishika, ila zinakuonyesha umri.

Fundi anasema atatoboa za zamani, ajaze oili, achomelee. Ni nafuu sana.

Ni nafuu kwa wiki chache. Kilichokufa ni sili na vali, na oili mpya itatokea pale pale ilipotokea ya kwanza. Juu ya hapo, oili yenyewe si yoyote tu. Uzito wake umepimwa kuendana na matundu ya vali. Na kuchomelea chombo chenye oili, pengine na gesi ndani, ni hatari kwa huyo fundi. Siipendekezi kwa gari lolote.

Za gesi au za oili?

Zote zina oili. Zinazoitwa za gesi zina naitrojeni pia, inayozuia oili isitoke povu shokapu ikifanya kazi kwa kasi. Povu likiingia upinzani unapotea, na barabara ya vumbi yenye mawimbi ya mchanga ndiyo inayolitengeneza. Kwa barabara zetu ningechukua za gesi. Za KYB na Tokico ndizo nyingi kwenye magari ya Kijapani, Monroe nazo zipo. Angalia tu boksi, maandishi na chapa iliyogongwa kwenye chuma visigongane.

Ninunue nini kingine kwa wakati huo huo?

Bushi kama hazikuja na shokapu, nati mpya zenye duara la plastiki ndani, na kwa aina ya tatu mauntingi ya juu, raba ya kizuizi na kifuniko cha vumbi. Raba ya kizuizi iliyovunjika vipande ni mwuaji wa shokapu mpya, maana rodi inagota chini bila mto.

## Sehemu ya nne: Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Jeki nzuri ya kroko, stendi mbili, jeki ya pili ya kuegemeza ekseli, spana na soketi za 12, 14, 17 na 19, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, bomba refu la kuongezea nguvu kwenye mkono wa soketi, na tochi. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiipata kwa kuazima itakusaidia sana.

Gari nilinyanyue vipi? Nina uwanja wa udongo tu.

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu.

Hendibreki inashika tairi za nyuma. Ukishanyanyua nyuma, hendibreki haizuii chochote. Gari linalovutwa na tairi za mbele, kama Corolla, liweke gia ya kwanza au P, na zuia tairi za mbele kwa magogo au mawe makubwa mbele na nyuma. Gari linalovutwa na tairi za nyuma, kama Mark II, hata gia na P zinashika tairi za nyuma zilizo hewani, kwa hiyo umebaki na magogo peke yake. Yawe makubwa, na yaingie sawasawa chini ya tairi.

Tafuta sehemu tambarare. Udongo wetu wa Mbeya na Rungwe ukilowa unakuwa laini na jeki inazama upande. Weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, na usifanye kazi hii siku ya mvua. Stendi ziende kwenye sehemu za bodi au fremu zilizoimarishwa, kisha shusha jeki uzito ukae juu yake, ulitikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini.

Usitumie matofali, ya kuchoma wala ya saruji. Tofali halipindi likakuonya; linabeba, linabeba, halafu linapasuka. Tairi ulilolifungua lilaze chini ya bodi, liwe kinga ya mwisho.

Nipe hatua za kazi kwa gari lenye shokapu iliyojitenga.

Jana yake jioni piga nati zote brashi ya waya, uzimwagie mafuta ya kutu. Asubuhi legeza nati za tairi gari likiwa chini, nyanyua, weka stendi, toa tairi.

Weka jeki ya pili chini ya ekseli upande unaoufanyia kazi na uipandishe mpaka ianze kubeba kidogo. Hatua hii usiiruke. Kwenye magari mengi shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukifungua bolti bila kuiegemeza, ekseli inaanguka, mpira wa breki unavutika, na springi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Hilux na Hiace zina pia fimbo ndogo inayounganisha ekseli na vali ya breki inayosoma mzigo. Usiipinde wala kuifungua, maana itavuruga breki za nyuma.

Fungua bolti ya chini, kisha ya juu. Kariri mpangilio wa washa na bushi, au upige picha kwa simu. Shokapu mpya ya kawaida isimamishe wima, uibonyeze na kuivuta polepole mara nne au tano ili hewa iliyojikusanya ikiwa imelazwa dukani itoke. Ya gesi itakuwa inajifungua yenyewe, hilo ni sawa. Ifunge juu kwanza, kisha chini. Ikigoma kulingana na tundu, pandisha au shusha jeki ya ekseli kidogo kidogo. Usitie kidole kwenye tundu kupima kama limelingana.

Nati zikaze kwa mkono tu kwa sasa. Maliza upande mmoja ndipo uanze wa pili, ili upande mzima uwe mfano wako.

Kwa nini nisikaze moja kwa moja gari likiwa juu?

Kwa sababu bushi ya raba inashika pale ilipokazwa, kisha inajipinda. Ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, siku utakayoshusha gari raba itakuwa imepindwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Itapasuka mapema na utailaumu shokapu. Rudisha tairi, shusha gari chini, linese mara mbili tatu, kisha ingia ukaze bolti za shokapu kwa kipimo cha gari lako. Kama huwezi kuingia chini, pandisha ekseli kwa jeki mpaka ifikie kimo chake cha kawaida na ukaze hapo, stendi zikiwa bado zimebeba bodi. Ushauri huu unahusu bushi za duara zinazopitiwa na bolti. Nati za juu zinazobana raba za washa zinakazwa popote.

Bolti ya chini imekamatwa na kutu, haisogei.

Utakutana nayo, hasa kwa gari lililoishi Tukuyu, ambako chini ya gari hakukauki vizuri kuanzia Novemba hadi Mei. Rudia mafuta ya kutu, subiri, piga kichwa cha bolti kwa nyundo, kaza kidogo kabla ya kulegeza, kisha tumia bomba refu. Tumia soketi ya pembe sita; ya pembe kumi na mbili inakula kichwa. Vuta kwa nguvu ya taratibu, na uhakikishe mvuto wako hausukumi gari kutoka kwenye stendi.

Ikigoma kabisa inakatwa kwa grenda. Tenki la mafuta na paipu za breki viko jirani, na cheche hazichagui. Moto wa gesi usiutumie hata kidogo karibu na shokapu. Kama huna uzoefu na grenda, hapo ndipo pa kumwita fundi, na hakuna aibu yoyote.

Nikifungua nati ya juu, rodi inazunguka nayo.

Ncha ya rodi ina sehemu bapa au tundu la alanki. Ishike hapo kwa spana ndogo huku ukizungusha nati. Ukiwa unatoa ya zamani unaweza kuibana rodi kwa plaisi, imekufa tayari. Shokapu mpya usiibane rodi yake kwa plaisi kamwe. Mkwaruzo mmoja unatosha kuua sili.

Inachukua muda gani?

Aina ya kwanza, asubuhi moja. Aina ya tatu, siku nzima pamoja na safari ya gereji. Usianze saa kumi jioni.

## Sehemu ya tano: Baada ya kufunga

Gari limekuwa gumu kuliko zamani. Nimekosea?

Pengine hapana. Umezoea kunesa. Lipe wiki moja.

Linagonga, na shokapu ni mpya.

Rudi ukague nati ya juu, mpangilio wa washa na bushi, na kama ulikaza ya mwisho gari likiwa chini. Mara nyingi ni washa moja iliyowekwa upande usio wake.

Nahitaji alaimenti, yaani kupima mkao wa tairi?

Kwa aina ya kwanza na ya pili, hapana. Kwa aina ya tatu inayofungwa kwa bolti mbili chini, kama Corolla, weka alama kwa rangi kabla ya kufungua, rudisha pale pale, na hata hivyo kapime.

Nati za tairi?

Corolla, Carina na Toyota nyingi ndogo zinakazwa kwa Nm 103, kwa mtindo wa msalaba. Rudia kuzikaza baada ya kilomita 50 hadi 100, na siku hiyo hiyo angalia tena nati za shokapu.

## Sehemu ya sita: Hali zisizo za kawaida

Nabeba viazi lumbesa kutoka Makete. Nifunge shokapu ngumu zaidi?

Shokapu ngumu haitabeba hata kiazi kimoja. Gari likilala kwa mzigo, linahitaji springi, na springi zina kikomo kilichoandikwa kwenye uwezo wa gari. Shokapu za kazi nzito zinafaa pale tu springi nazo zimeongezwa, kwa sababu springi yenye nguvu inarudi kwa nguvu. Saluni iliyopakiwa mpaka tairi zinagusa bodi inagotesha shokapu kwa kila shimo, na mpya zitakufa kabla ya msimu kwisha.

Gari langu limenyanyuliwa kwa spesa, vile vipande vya kuongezea kimo kwenye springi.

Basi shokapu ya urefu wa kawaida inafika mwisho wake kila tairi linaposhuka shimoni, na inajing'oa polepole kwenye bushi. Pima: gari likiwa kwenye tairi, rodi ibaki na nafasi ya kutosha juu na chini. Isipobaki, nunua ndefu zaidi au toa spesa.

Kuna waya juu ya shokapu yangu.

Baadhi ya Mark II, Crown na Prado zina TEMS, mfumo wa umeme unaobadilisha ugumu wa shokapu. Kile kimota cha juu kinatoka kwa uangalifu na kinahamia kwenye shokapu ya aina hiyo hiyo. Ukifunga za kawaida gari litatembea, ila swichi haitafanya kazi na taa inaweza kuwaka. Land Cruiser za 100 zenye AHC ni habari nyingine: zina oili yenye presha kubwa kwenye mfumo wa kuinua gari. Hizo usifungue nyumbani.

Asubuhi za Juni na Julai nyuma inakuwa ngumu na inalia, mchana inapona.

Oili ikipoa inakuwa nzito. Njombe na Makete, kwenye asubuhi za barafu juu ya majani, hata shokapu mpya inahitaji kilomita chache ili ilainike. Nenda polepole mwanzoni. Ikiendelea kulia jua likiwa kali, tafuta bushi kavu.

Za zamani nizipeleke wapi?

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ila waambie kama ni za gesi. Gesi bado imo ndani hata shokapu ikiwa haina kazi, na ikitupwa kwenye moto au kukatwa kwa grenda inaweza kulipuka. Usizitoboe mwenyewe, usiwaachie watoto wazichezee, na oili iliyovuja ipanguse kwa vumbi la mbao badala ya kuiosha iende mferejini.